Mtume Aliyechelewa

Oud Metha, Dubai
Mwezi wa Agosti

Kwako Dada Dorcus,

Nakusalimu sana, na watoto nawasalimu. Mgongo wako unasemaje siku hizi? Lenny ameacha kukohoa? Na Daisy, bado analala na viatu vyake vya shule karibu na mto, au amekua sasa anaona aibu? Yule kuku mweusi wa Mama aliyekuwa akitagia kwenye kikapu cha kuni, kama bado yuko hai, naye mpe salamu zangu.

Mimi ni mzima. Joto la huku mwezi huu ni la kufungua mlango likupige usoni kama umefunua sufuria ya ugali. Lakini kazi yangu ni ya ndani, nyumba ina ubaridi, na sina la kulalamika. Barua hii anakuletea Joachim, mlinzi wa jengo letu, ambaye kwao ni karibu na Mbale, Mbale yetu si ile ya Uganda. Anakuja likizo. Mpe chai yenye maziwa mengi, maana ameiota mwaka mzima.

Dada, Baba Mdogo Gerishom alinipigia simu mwezi uliopita. Usimkasirikie, hakuwa anakusengenya. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kubisha mlango. Aliniambia kwamba tangu wiki ya mazishi umeifunga nyumba ya Mama kwa kufuli, ufunguo unatembea nao, na hakuna anayeingia, hata wewe mwenyewe. Kina mama wa kanisa letu la Marafiki wanakuja kuuliza tarehe ya makumbusho ya Mama, unawapikia chai, unawaambia mwezi ujao, nao mwezi ujao wanarudi. Alisema tena kwamba wewe na Shangazi Ronika hamsalimiani, kwa sababu ya ile leso ya Mama ya kijani iliyotafutwa siku ya mazishi ili azikwe nayo, ikakosekana, nawe ukasema yeye ndiye aliyekaa chumbani peke yake. Hilo la leso sikuwa nimewahi kulisikia. Mwisho akasema jambo ambalo yeye aliliona dogo: kwamba siku ya mahari ya binti yake mboga ya mrenda ilipoletwa mezani uliinuka ukatoka nje, na kwamba hujaionja tangu Mama atuache. Anadhani ni vidonda vya tumbo. Aliniomba nikushawishi uende hospitali.

Ningekupigia simu, lakini nakujua. Kwenye simu utasema, "Niko sawa kabisa, mdogo wangu," halafu utaniuliza kama huku kumenyesha. Barua haina mahali pa kuikatiza. Kaa chini basi, tafadhali, watoto wakiwa wamekwenda shule, maana nataka kukuhadithia habari za kanisa moja, na usiponisikiliza mpaka mwisho sitakuwa nimesema kitu.

Mama ninayemtunza nimekwisha kukutajia, Kiria Kristala. Kiria ni kama kusema Bibi kwa lugha yao. Hapo mwanzo nilimwita madam, akanikataza, akasema madam ni mtu anayekuja dukani kubishania bei. Kwao ni kisiwa cha Kipro, kile cha Matendo ya Mitume walichopita Paulo na Barnaba, lakini yeye amezeekea hapa. Marehemu mumewe alikuwa na duka la jumla kule Deira, na sasa anaishi na mwanawe ambaye mchana kutwa yuko kazini. Macho yake yameingia ukungu. Anaona dirisha, anaona kwamba mtu amepita, basi. Kwa hiyo kazi yangu ni kumpikia, kumwogesha, na kumwambia vitu vilivyo mbele yake.

Kitu anachokipenda kuliko vyote ni kanisa la kijijini kwao, na mimi nimelisikia mpaka naweza kukutembeza humo. Ni dogo, Dada, dogo kuliko lile letu la Marafiki. Ukiliona kutoka nje utadhani ni ghala la mahindi. Kuta ni za mawe, na paa la vigae limeshuka pande zote mbili karibu liguse ardhi, kwa sababu huko milimani theluji huanguka. Lakini chini ya paa hilo kuna paa lingine, la mawe, la mviringo kama nusu ya kibuyu. Ndiyo kusema kanisa limevaa koti. Mlango wake ni mfupi, lazima uiname. Kiria anasema utotoni mwake walikuwa na padri mrefu aliyegonga kichwa pale kila Jumapili, na watoto walikuwa wakiwahi ibada kwa ajili hiyo tu.

Ndani ndiko kwenyewe. Kuta zote zimechorwa, kutoka chini mpaka juu kwenye kile kibuyu, hakuna hata mahali pa kutundika kofia. Mchoraji alikuwa mtu wa zamani sana, hakuacha jina lake. Alikuwa akipaka lipu kipande kidogo, anachora ingali mbichi, na rangi ikazama humo. Lipu ikishakauka rangi haitoki tena. Karibu na mlango amemchora tajiri aliyelijengesha kanisa, yeye na mkewe, amelishika kanisa lenyewe kiganjani, dogo kama keki, anampa Yesu. Wewe na mimi tulikulia kwenye kuta za chokaa na kalenda ya kina mama, tukafundishwa kunyamaza mpaka Roho aseme. Siku za kwanza nilikuwa nikiona sanamu zote hizo kama kelele. Sasa nimezizoea. Ni watu wengi walionyamaza.

Watakatifu wa safu ya chini hawana macho. Yamekwanguliwa. Kiria anasema wageni huambiwa ni maadui waliofanya hivyo, lakini kijijini kila mtu anajua ni kina mama wao wenyewe. Mtoto akiumwa macho, mama alikuja na kisu cha jikoni, akakwangua vumbi kidogo kwenye jicho la mtakatifu, akalichanganya na maji, akamwosha mtoto. Mamake Kiria alimfanyia hivyo naye akapona. Siku hizi anapogonga kikombe cha kahawa kikamwagika husema, "Mtakatifu amekuja kuchukua macho yake." Nilimwambia kwamba kwetu bibi yetu, Kuku, alitutilia machoni maziwa ya mama anayenyonyesha. Alifikiri kidogo akasema ni dawa ileile.

Sasa, mwaka huu mafundi walilifunga kanisa ili kuzisafisha picha, maana moshi wa mishumaa ulikuwa umezifunika. Mpwa wake anayeitwa Panayota, anayekaa na ufunguo wa kanisa, akaahidi kumpigia Kiria simu ya picha kutoka ndani. Kiria hakutaka Panayota ndiye amweleze. Alisema Panayota ameyaona hayo tangu azaliwe, kwa hiyo kila kitu atasema, "Ni kama zamani, shangazi." Akanitaka mimi, kwa kuwa mtu anayeona mara ya kwanza hataruka kitu. Basi tukakaa kwenye kochi, simu mkononi mwangu, sikio lake karibu na mdomo wangu, Panayota kule anatembea polepole, mimi huku nasema. Yesu juu kwenye kibuyu, uso mkali, kitabu mkononi. Farasi mweupe. Tajiri na keki yake. Kiria alikuwa akiitikia, "Ndiyo, ndiyo, yuko," kama mtu anayehakikisha wanawe wote wamerudi nyumbani.

Tulipofika ukuta wa magharibi, juu ya mlango, nikaona kitanda. Mwanamke amelala juu yake, amejitanda nguo ya zambarau, na watu wamejaa pande zote, wengine wameinama, wengine wameshika shavu. Nyuma ya kitanda amesimama mwanamume amebeba mtoto mchanga aliyeviringishwa kwa vitambaa vyeupe, kichwa tu ndicho kinachoonekana. Nikafurahi. Nikamwambia Kiria, hapa kuna mama amejifungua, amechoka sana, baba amembeba mtoto, na majirani wamekuja kumpongeza.

Kiria alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Panayota naye kule akacheka mpaka simu ikatikisika, nikaona dari, nikaona sakafu. Kiria akanishika goti akaniambia, "Binti yangu, hapo hakuna aliyezaliwa. Huyo ni Mama Maria anakufa." Na yule mwanamume si baba, ni Yesu. Amekuja mwenyewe kumchukua. Na kile kichanga ni roho ya mamake. Akasema, "Yeye alimbeba akiwa mdogo. Sasa ni zamu ya mtoto kumbeba mama."

Dada, unaikumbuka ile picha aliyonitumia Lenny, umembeba Mama kumtoa juani, amefungwa lile blanketi jeupe, na uso wake mdogo umeegemea bega lako? Siku ile uliniandikia kwamba amekuwa mwepesi kama Daisy alipoanza kukaa. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba, nikaacha maji yamwagike ili Kiria asinisikie. Nilisahau kwamba haoni lakini anasikia. Niliporudi hakuuliza kitu. Aliniambia tu nimtajie mama yangu anaitwa nani, nikasema Jerida, akalirudia jina mpaka likamkaa mdomoni.

Nikamaliza kumweleza ukuta ule. Nilimwambia kwamba mitume wanafika wakiwa wameketi kwenye mawingu, kama abiria wa zile mashua za abra wanaovushwa hapa Creek, kila mmoja na wingu lake. Maana ndivyo hadithi yao inavyosema, kwamba mitume walikuwa wametawanyika duniani, na Mama Maria alipokuwa anaaga mawingu yakawaleta. Akaniuliza ni wangapi. Nikahesabu, nikasema kumi na mmoja, na pale juu pembeni pamebaki peusi tu, moshi mtupu, mafundi hawajapafikia.

Hapo Kiria akanieleza. Tangu utotoni alikuwa akiwahesabu wakati wa maombi marefu, na siku zote alikuwa akimkosa mmoja. Wazee walisema anayekosekana ni Tomaso, kwa sababu alichelewa, alifika Mama akiwa ameshazikwa, na mchoraji akamwadhibu kwa kutomchora. Yeye aliamini hivyo. Baadaye akaolewa, akaja Dubai na mumewe, na siku mamake alipofariki kijijini habari zilimfikia baada ya mazishi. Alisafiri, akaingia kanisani akiwa amechelewa, akainua macho akaona ile pembe nyeusi. Aliniambia, "Nikasema, mahali pangu ni pale."

Nilimsogezea maji yake, Dada. Nilikuwa nakufikiria wewe.

Sikukuu yao ya kifo cha Mama Maria ni katikati ya Agosti. Siku iliyotangulia Kiria alinituma sokoni Al Ras kutafuta ubani na ngano, maana wao huchemsha ngano kwa ajili ya wafu wao, wakaichanganya na sukari, lozi na mbegu za komamanga, wakaiombea, wakaila. Muuza ubani ni mtu wa Lamu anayeitwa Aidarus, na mdomo wake hauna mlango. Aliponisikia ninavyotamka akaniuliza, Mluhya na ubani wapi na wapi, si nyinyi mnajua kuku tu? Nikamwambia yalla, pima, mama yangu ananingoja. Akauliza ubani ni wa harusi au wa msiba. Nikasema ni wa marehemu wa mama ninayemtunza, na kidogo wa mama yangu mzazi. Akaacha mzaha. Akachukua kipande kimoja kikubwa akakiweka juu ya mizani baada ya kuwa ameshapima, akasema, "Hiki ni cha mama, dada. Hiki hakiingii kwenye hesabu." Hicho ndicho utakachokikuta kwenye karatasi ndani ya bahasha. Najua Marafiki hawachomi ubani. Kiweke kabatini tu, kinukie.

Siku ya sikukuu yenyewe, mchana, Panayota akapiga. Alikuwa anahema. Mafundi walikuwa wamefika kwenye ile pembe kwa pamba na maji, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto usingizini. Akainua simu. Nikaona wingu. Juu ya wingu yuko mwanamume kijana, ameketi lakini mwili mzima umeinama mbele kama anayekimbia, mikono yote miwili ameinyoosha. Juu yake kabisa kuna mwanamke wa nguo ya zambarau, yuleyule wa kitandani, anapaa. Amefungua mkanda wake kiunoni, anauteremsha kwake. Ncha moja bado iko mkononi mwake, na ncha nyingine yule kijana ameshaishika.

Nilimweleza Kiria. Akanifanya niseme tena.

"Yuko?"

Nikasema yuko.

"Na mkanda ameushika?"

Nikasema ameushika, Kiria, ameukamata kwa vidole vyote.

Akasema bibi yake alikuwa akisimulia habari ya mkanda huo, lakini yeye alidhani bibi ameibuni ili kumfariji mtoto. Kwamba wale waliokuwapo waliona kifo, na yule aliyechelewa ndiye aliyepewa mkanda. Halafu akaanza kulia bila sauti, akasema, "Wakati wote huo alikuwa pale, chini ya moshi wetu sisi wenyewe."

Na mimi nikaketi sakafuni, Dorcus, kwa sababu ya ile leso.

Sasa nakuambia nililolibeba. Tangu Baba Mdogo anipigie nimekuwa nikilizunguka, maana siwezi kukuambia leso iko wapi bila kukuambia ninajuaje.

Asubuhi ile ya Januari Mama alini-flash kwa ile simu yake ndogo. Nilikuwa jikoni namenya viazi vya Kiria, nikampigia. Nikamuuliza wewe Dada uko wapi. Akasema, "Nimemtuma mrenda." Nikashangaa, nikamwambia, Mama, mrenda wa Januari, jua lote hilo, utapatikana wapi? Akacheka kile kicheko chake cha puani. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nimemtuma huo. Atakawia." Akapumzika, nikamsikia akipumua, kisha akasema maneno haya, nayo nayaandika kama alivyoyasema: "Huyu mtoto amenishika sana, Lynette. Kila nikitaka kwenda, ananishika mkono ananirudisha. Mbele yake siwezi. Nimemtuma ili anipe njia."

Nikaanza kulia, akanikemea. Akasema amefungua leso yake kiunoni, ameikunja, ameitia ndani ya kile chungu cha mboga ulichokuwa umekiweka kando ya kitanda chake ulipohamishia jiko chumbani, na amekifunika. Nikamuuliza nikuambie? Akasema, "La. Ataiona mwenyewe akifunua apike."

Baada ya hapo hakusema tena nami. Alikuwa anaimba chini chini, ule wimbo wa kufungia ibada. Kisha hakuimba. Simu haikukatika, nadhani ilikuwa imeteleza kwenye blanketi. Sikuikata. Niliwasikia kuku. Nilisikia mlango. Nikakusikia wewe, Dada, unahema kama mtu aliyekimbia kutoka barabarani, ukisema, "Mama, nimepata." Na nikasikia ulivyolia. Hapo ndipo nilipokata, kwa sababu kilio kile kilikuwa chako na yeye.

Baba Mdogo aliponipigia kunipa habari nilinyamaza nikamwacha aseme, kama mtu asiyejua. Na siku ya mazishi, pasi yangu ikiwa bado kwenye mambo ya viza, niliwatazama kwenye simu, nikakusikia ukiwaambia watu kwamba uliushika mkono wake mpaka mwisho. Sikuona uongo hapo. Nilijua ni mkono gani ulioushika miezi yote ile. Na nilidhani umeshafunua chungu, umeiona leso, umeielewa, na hukutaka kuizungumza. Nikafikiri wewe una chako kutoka kwake, nami nina changu, tutavileta pamoja siku tutakapoonana. Sikujua kwamba mrenda ule hukuupika.

Kwa hiyo chukua ufunguo, Dada. Hukumwacha. Ulitumwa, na aliyekutuma alijua unachokifuata hakipo, nawe bado ulikipata. Sijui ulikipata wapi hata leo. Ingia, funua chungu. Leso ni yako, si ya kaburini. Ukishaishika, nenda kwa Shangazi Ronika, umwamkie kabla yeye hajakuamkia. Na kuhusu mkono, endelea kuwaambia watu ulivyowaambia. Kwangu halitatoka neno.

Mwanawe Kiria amekubali nije nyumbani Desemba, yeye na mamake watakuwa Kipro. Kiria anataka kuugusa ukuta ule kwa mkono, amesema macho hayahitajiki. Tarehe ya makumbusho ichague wewe. Desemba kama mvua za vuli zimenyesha vizuri mrenda utakuwapo hata nyuma ya choo, tutauchuma wenyewe, nasi tutaupika kwenye chungu hicho, na kina mama wa Marafiki watakula washibe.

Wasalimie Lenny na Daisy, Baba Mdogo Gerishom na jamaa yake, na majirani wote wanaoniulizia. Kiria Kristala anakusalimu kwa jina. Amelifanyia mazoezi.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa nawe chumbani asubuhi ile,

Lynette